Alama za Hina kwenye Mikono ya Mafundi

Haya yote ni kweli. Si kweli ya kupatana bei, ni kweli kamili, na msimulizi anaapa kwa macho yake mawili, lile linaloona na lile linalotaka miwani, kwamba hakutia hata chumvi ya kuonjea. Asiyeamini na apande aende Buyenzi akaulize.

Mwaka ule wa ambargo, mipaka ikiwa imefungwa na petroli ikiuzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi, Uthmani alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio mtaani Buyenzi, Bujumbura, barabara ya saba. Kazi haikumkosa. Vita vilikuwa vimeharibu biashara ya kila mtu ila ya fundi redio, maana hakuna aliyetaka kupitwa na habari za milimani. Ufundi alijifunza mwenyewe, kwa kufungua vitu vya watu na kumwomba Mungu wakati wa kuvifunga. Alikuwa na mazoea ya kusema kwamba hakuna chenye waya kilichowahi kumshinda. Mkewe Mwanvua, mpambaji wa mabibi harusi ambaye hina yake ilisifika toka Bwiza mpaka Kinama, alikuwa na mazoea ya kumkumbusha kwamba pasi yao ya nyumbani nayo ina waya.

Asubuhi moja akaingia kibandani mwanamke mwembamba mwenye haraka, nyuma yake dereva amekumbatia sanduku la kijivu. Alikuwa Madamu Dative, mtafiti wa mazoezi ya mwili. Kituo chake kilikuwa Kinindo, ndani ya garaji ya villa moja ambayo wenyewe walikuwa wamekwenda kungojea amani Ulaya.

"Mzee Uthmani, watu wanasema we unatengeneza kila kitu."

"Isipokuwa ndoa, madamu. Hii ni redio gani?"

"Si redio. Inasikiliza misuli."

Akamweleza. Msuli ukikaza hutoa umeme kidogo, kidogo hata mbu hautamshtua. Vibandiko viwili vyenye nyaya, vikiwekwa juu ya ngozi, huunasa umeme huo, na sindano ikauchora kwenye karatasi. Hakuna kuchoma wala kupasua.

"Basi ni redio," alisema Uthmani. "Kituo chenyewe ndicho mkono."

Siku tatu baadaye, kwa kipande alichokitoa kwenye redio ya kaseti ya marehemu shemeji yake, sanduku likaamka. Buyenzi nzima ikajua siku ileile kwamba Uthmani ametengeneza mashine ya Wazungu ya kusikiliza nyama, kwa sababu yeye mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia.

Dative alikuwa na haja nayo kweli. Waliovunjika mikono walikuwa wengi mwaka ule, na kila mmoja alipewa mazoezi kwa kubahatisha: huyu abane mpira, yule anyanyue tofali. Yeye alitaka kujua ni zoezi lipi linaloamsha msuli na lipi linaloupotezea mtu siku zake. Lakini kabla ya kumpima mgonjwa, ilibidi aipime mashine yenyewe, kama inasema jambo moja leo na kesho. Akachagua mafundi gari sita wa Buyenzi, watu wenye mikono kama mizizi ya muhogo.

Kipimo kilikuwa hivi. Kwanza fundi anabana kipini cha chuma kisichosogea, kwa nguvu zake zote. Hiyo ndiyo mia yake. Kisha anabana springi ya vali ya Toyota, na mashine inasema springi imekula ngapi katika ile mia. Springi ni ileile, mkono ni uleule. Namba ya Jumatatu na ya Ijumaa zinatakiwa kufanana kama mapacha.

Hazikufanana hata kama mabinamu. Massoudi, mkubwa wa wale mafundi kwa mwili na kwa mdomo, springi ilimla thelathini na moja siku ya kwanza, hamsini na nane siku ya pili, ishirini na mbili siku ya tatu.

"Mzee," alisema Dative, "redio yako inaongopa."

Neno hilo lilimuuma Uthmani kuliko kofi. Aliifungua mashine mara tatu. Akazifunga nyaya kwa karatasi ya fedha ya paketi za sigara, akaihamisha mbali na friji, akaijaribu hata umeme ulipokatika, kwa betri ya gari. Namba zikaendelea kucheza. Halafu ikaja barua: Profesa Sébastien, ambaye chuo chake ndicho kilichomwazimisha Dative mashine ile, atafika baada ya wiki mbili. Atawapima wale sita Jumatatu, atawapima tena Ijumaa. Namba zikifanana, mashine inabaki Bujumbura. Zisipofanana, Jumamosi inapanda ndege pamoja naye, kwenda nchi nyingine inayoiomba.

"Ikienda ndiyo imeenda," alisema Dative. "Nitarudi kwenye mpira na tofali."

Uthmani akakusanya bisibisi zake. Alikuwa akifikiria jinsi atakavyopita barabara ya saba Jumapili yake, watu wamekaa mlangoni.

Sasa sikilizeni mambo yalivyogeuka. Ilikuwa adhuhuri, msikitini, kwenye mabomba ya kutawadhia. Uthmani alikuwa akiosha miguu, na kando yake Massoudi akijisugua mikono mpaka viwiko, kwa bidii ya mtu mwenye grisi na dhambi pamoja. Duara mbili za kalamu ya bik, alama ya Dative ya kuonyesha vibandiko vikae wapi, zikaondoka na maji. Massoudi hakuhangaika. Akaswali vizuri, akatoka, akachomoa bik sikioni, akakunja mkono wa shati na kuanza kuchora.

"We Massoudi! Unafanya nini pale?"

"Ninarudisha ya madamu. Alituambia isipotee. Kwa siku inatoka mara tano, na mi mara tano ninairudisha. Mi si mutu wa kupoteza vitu vya watu."

"Na unairudisha wapi?"

"Palepale." Massoudi akautazama mkono. "Karibu na palepale."

"Massoudi, ndugu yangu. Alikuchorea mkono gani?"

"Wa kuume."

"Na huo?"

Ulikuwa wa kushoto. Massoudi anaandika kwa mkono wa kuume. Angejichorea vipi mkono ule ule unaoshika kalamu?

Saa ile ile Uthmani akawapanga wote sita ukutani kama gwaride. Mmoja duara zake zilikuwa zimepanda mpaka kiwikoni. Mwingine zilishuka mpaka pa kuvalia saa. Pontien, ambaye ni Mkristo na hatawadhi, alikuwa akijisugua kila jioni kwa sabuni na mchanga, na mkewe ndiye aliyekuwa akimchorea upya, tena kwa rula, kwa sababu alipenda vitu vikae sawa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia Dative, naye alikuwa akibandika popote alipoona wino. Wamwambie nini? Mgeni amekuchorea mkononi, amekuomba utunze, we umwambie umeosha?

Dative alipoambiwa aliketi juu ya tairi, akacheka mpaka machozi.

"Wiki tano! Wiki tano nzima nimekuwa ninapima adabu ya watu!"

"Kwa hiyo redio yangu haikuongopa," alisema Uthmani.

"Haikuongopa, mzee. Nisamehe. Lakini tufanye nini? Rangi isiyotoka haipatikani, na siwezi kuwakataza kuswali."

Hapo ndipo Uthmani alipopata wazo, na msimulizi anaomba iandikwe kwa herufi kubwa kwamba wazo lilikuwa lake. Alirudi nyumbani, akamkuta Mwanvua anachekecha unga wa hina.

"Mama Houda, hina yako inakaa siku ngapi kwenye ngozi?"

"Mwanamke akiwa mvivu wa vyombo, wiki mbili. Kwa nini, unaolewa?"

"Na haizuii udhu?"

"Baba Houda, umeoa mpambaji miaka ishirini na leo ndiyo unauliza? Rangi inabaki, maji yanafika. Hina si gundi."

Kazi ikawa kuwashawishi wanaume sita kutiwa hina. Massoudi aliapa hapaki. "Mke wangu akiona hina mkononi ataniuliza bibi harusi ni nani." Uthmani akajipaka yeye kwanza, mbele ya garaji, watu wakimpigia vigelegele vya kumdhihaki, mpaka Massoudi naye akanyoosha mkono. Jaribio la kwanza nalo likaharibika: Mwanvua aliweka hina mahali penyewe pa vibandiko, tena akaichanganya na mafuta ya karafuu kama ya mabibi harusi, vibandiko vikateleza kama samaki. Mara ya pili hakutia mafuta, na hakuweka hina chini ya kibandiko, bali nukta nne za kukizunguka, kama nguzo nne za kitanda. Ngozi ya katikati ikanyolewa kwa wembe, ikafutwa kwa spiriti, mpaka kibandiko kikakaa kama kimezaliwa pale.

Jumatatu ya Profesa wakapanda pick-up ya Pontien kwenda Kinindo. Kwenye barieri ya kukagua magari mwanajeshi akawaambia washuke, waonyeshe mikono. Akaona nukta nne, akaona nukta nne tena, akawaona wote wana nukta nne mahali pamoja. Uso ukamkaza. Mwaka ule alama isiyoelezeka mwilini haikuwa mchezo.

"Hiki ni chama gani?"

Mwanvua akateremka mbele, na bakuli lake la hina. "Mwanangu, hiyo ni hina. Ni mi nimewapamba."

"Wanaume hawa? Wanaolewa na nani?"

"Na mashine."

"Wote sita na mashine moja?" Mwanajeshi akawatazama mmoja mmoja, pole pole, na mdomo ukaanza kumcheza. "Imetoa mahari?"

"Bado tunaipima," alisema Mwanvua, na barieri ikainuliwa.

Profesa Sébastien alikuwa mrefu, mpole, na haamini kitu. Aliwaambia wabane kile kipini kwa nguvu zote. Massoudi, kwa heshima ya mgeni, akakibana kama anayechagua avoka sokoni.

"We Massoudi!" Mwanvua alishindwa kuvumilia. "Mkeo anakamua kitenge kuliko we! Bana!"

Mshipa wa shingo ukamtoka Massoudi, na sindano ikaruka. Kila aliyefuata akapata lake. Pontien aliambiwa ana mikono ya kasisi. Wa tatu aliulizwa kama boliti za gari la watu huzikaza kwa maombi. Mia za kweli zikapatikana, springi ikapimwa, namba sita zikaandikwa, Profesa akafunga daftari, akaondoka.

Ijumaa, baada ya swala, wakarudi. Mikono ilikuwa imeoshwa siku tano na kusuguliwa siku tano, na nukta zote zilikuwa mahali pake, nyekundu, zimetulia. Dative alizigusa kwa kidole kama mtu anayemgusa mtoto aliyepona homa. Vibandiko vikawekwa. Massoudi akabana kipini, akabana springi. Jumatatu springi ilikuwa imemla thelathini na nne. Sasa sindano ikasema sitini na moja.

"Haiwezekani," alisema Dative. Akaipekua karatasi, akaiona. "Springi imetoa umeme uleule. Mia ndiyo imelala! Amebana kipini nusu."

"Mi nimebana," alisema Massoudi.

"Umekipapasa!" alisema Uthmani. "Mkeo anakamua kitenge kuliko we!"

Mafundi wote wakaangua kicheko. Kejeli ya mwanamume haina meno. Ikitoka kwa Mama Houda, mtu huhisi mtaa mzima umemwona. Wakajaribu mara ya pili, Massoudi akabana akicheka, na mtu anayecheka hana nguvu za kumbana hata sisimizi. Profesa akaanza kukunja waya, taratibu, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililotisha zaidi.

Dative akamsemesha Kifaransa haraka haraka. Akageuka. "Atangoja mpaka saa kumi. Mama Houda yuko wapi?"

Mama Houda alikuwa Buyenzi, anampamba bibi harusi.

Uthmani akachukua baiskeli ya mlinzi wa villa. Haikuwa na breki, na ilikuwa heri, maana breki humpotezea mtu wakati. Msimulizi hasemi kwamba aliruka. Anasema tu kwamba kati ya Kinindo na Buyenzi matairi yaligusa barabara mara chache. Akamkuta Mwanvua ameinamia miguu ya bibi harusi, Khadidja, wa kuume umejaa maua, wa kushoto mweupe, na mashangazi watano wamezunguka.

"Mama Houda, inuka! Mashine inaondoka!"

"Nimwache bibi harusi na mguu mmoja? Unataka ndoa ianze kwa kuchechemea?"

"Hatoki!" wakasema mashangazi kwa pamoja.

"Wagonjwa wa Madamu Dative wanakwenda kurudi kwenye tofali," alisema Uthmani.

Aliyejibu alikuwa Khadidja, chini ya ukaya wake. "Mashangazi, mi nataka kuiona iyo mashine."

Saa tisa na nusu pick-up ya bwana harusi iliingia uani Kinindo na bibi harusi aliyefunikwa gubigubi, mashangazi watano, bakuli la hina na Uthmani ameshika baiskeli nyuma. Mafundi wakasimama, wakajipangusa, wakavuta vifua. Mwanvua akaliona hilo kabla ya Profesa.

"Apana! Khadidja, mashangazi, nyote nyuma ya ukuta, na asikohoe mutu. Jumatatu hapakuwa na bibi harusi. Jumatatu nilikuwa mi peke yangu, nimesimama hapa, mkono kiunoni." Akasimama palepale, akaweka mkono kiunoni. Dative alipomtafsiria, Profesa aliiacha waya iliyokuwa mkononi mwake.

"We Massoudi! Mkeo anakamua kitenge kuliko we! Bana!"

Mmoja mmoja wakapata maneno yao ya Jumatatu, neno kwa neno, hata pumzi mahali palepale. Na namba zikatoka. Thelathini na nne, thelathini na nne. Arobaini na moja, arobaini na moja. Sita kwa sita, za Ijumaa na za Jumatatu, bila kupishana hata unywele. Profesa alimwomba Dative amsomee yale maneno polepole, akayaandika kwenye daftari lake la utafiti chini ya nukta nne za hina, kwamba kila apimaye na apige kelele hizi, kwa sauti hii, mtu huyu huyu. Jumamosi akapanda ndege na begi lake tu.

Hapo msimulizi akalifunga daftari lake. Alikuwa akiwasomea watu haya kwenye mkahawa mmoja wa Buyenzi, na alitegemea makofi.

"Sita kwa sita?" iliuliza sauti kutoka meza ya pembeni. Alikuwa Madamu Dative, siku hizi mvi zimejaa, aliyekuja kunywa chai na Mwanvua bila kumpa mtu habari. "Mzee Uthmani, namba niliziandika mi. Tano zilikaribiana, zikapishana mbili huku, tatu kule. Ya sita ilikuwa aibu. Massoudi alichungulia kwenye tundu la ukuta, akamwona bibi harusi, mia yake ikapanda mpaka juu ya karatasi."

"Nilikuwa ninaangalia hewa!" alisema Massoudi, ambaye naye alikuwepo, na maandazi mdomoni.

"Na Profesa alisemaje?" wakauliza watu.

"Alisema tano za kukaribiana zinamtosha. Zingelingana zote mpaka unywele, angeondoka na mashine, kwa sababu mikono ya watu hailingani hivyo. Angejua tumemdanganya."

Watu wote wakamgeukia msimulizi, ambaye ni Uthmani mwenyewe, na sasa jambo hilo halina siri. Akaanza kutafuta miwani yake, ambayo ilikuwa usoni.

"Na hina, Baba Houda?" aliuliza Mwanvua kwa upole mkubwa. "Nani aliyesema hina?"

"Tuliisema... karibu pamoja."

"Ulikuwa umelala kifudifudi unalia kwamba utahama Buyenzi. Mi nikakwambia, we mzee, inuka, kuna hina."

Mkahawa ukalipuka. Mwenye mkahawa hakungoja kuambiwa. Alishaanza kuhesabu vichwa, na sheria ya mahali pale inajulikana, aliyekamatwa na uongo anawanywesha wote. Vichwa kumi na tisa. Msimulizi akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akaomba tu aliyekunywa kabla ya hadithi asihesabiwe. Akakataliwa. Akatoa noti moja, akatoa ya pili, akamtazama Massoudi akiagiza sahani ya samaki wadogo wa ndagala na pilipili, akatoa ya tatu.